Kilimia Ndani ya Kompyuta

Tulimzika Mwalimu Ng'ang'a huko Endebess, kwenye shamba lake, mahindi yakiwa yamefika kiunoni na mlima umejifunika wingu. Yalisemwa mengi. Wanafunzi wake wa zamani, sasa wenye mvi na vitambi, walisimama mmoja baada ya mwingine kueleza alivyowafundisha Fizikia. Mzee wa kanisa akaeleza alivyosaidia paa likapata mabati, na watu wa chama cha maziwa wakamsifu kwa ng'ombe wake. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya hema kwenye kiti cha plastiki, nimetoka Bungoma alfajiri, nikingoja mtu ataje nyota. Hakuna aliyezitaja, na siwezi kuwalaumu. Nyota zilikuwa jambo la nyumbani, la watu watatu, na mmoja wa hao watatu alikuwa ndani ya jeneza, wa pili ameketi mstari wa mbele na leso nyeusi kichwani. Zamu ya marafiki wa familia ilipofika, mkewe, Mama Wairimu, aligeuka akanitafuta kwa macho, akaniashiria niende mbele. Nikatikisa kichwa. Nilijua nikishika kipaza sauti nitalia kabla sijamaliza kutaja jina langu. Ninayoyaandika hapa ndiyo ambayo ningeyasema siku ile.

Nilikaa kwao mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimeajiriwa katika duka dogo la kompyuta mjini Kitale, kazi yangu kuchapa barua za watu, kuondoa virusi na kuwaeleza wateja kwamba kibodi iliyomwagiwa chai haiombewi ikapona. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya Mwalimu. Kabla yangu kilikuwa stoo ya mahindi, na harufu ya magunia na dawa ya dumuzi haikutoka mwaka mzima. Hata leo nikipita duka la pembejeo, pua yangu inanirudisha kwenye kitanda kile cha futi tatu. Dirisha langu lilitazamana na mlango wa jikoni wa Mama Wairimu, hatua chache tu, kwa hivyo nilisikia kila kitu: redio ya asubuhi, mfuniko wa sufuria, maombi yake na magomvi yao. Nilifika nikidhani nitajipikia. Juma la kwanza halijaisha, Mama Wairimu alibisha mlango akiwa na sahani ya mukimo iliyofunikwa kwa sahani nyingine. "Nasimiyu, mami, wewe unakula nini huku ndani? Sisikii sufuria." Tangu siku hiyo nikawa nakula mezani kwao. Nami nikitoka nyumbani Myanga nilimletea mrenda na unga wa wimbi. Mrenda ule aliula akiutazama kwa shaka, ukimponyoka kwenye vidole. "Hii mboga yenu ni ya kukimbizana nayo," alisema, lakini aliongeza.

Mwalimu alikuwa amestaafu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka. Kila kiangazi alikuwa akienda Endebess, ambako hakukuwa na taa za mji, akabaki huko juma zima akipiga picha za anga. Kifaa chake alikibuni mwenyewe na fundi seremala wa mjini: mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, kamera juu yake, na skurubu ndefu aliyokuwa akiizungusha polepole kwa mkono huku akitazama saa, ili kamera ifuate nyota zinavyosogea. Kiangazi cha mwaka ule, kabla ya mimi kufika, alikuwa amepiga picha nyingi za Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo kinachowaambia wakulima majira. Alinieleza mara ya kwanza tukila githeri. Kila picha peke yake ni giza lenye vidoti, alisema. Lakini kuna programu ya kompyuta inayozipanga picha hizo moja juu ya nyingine, kama chapati, ikaongeza mwanga wa moja kwa mwanga wa nyingine, hadi kile ambacho jicho haliwezi kukiona kinajitokeza. "Kilimia hakiko uchi," aliniambia. "Kimevaa kitu. Mimi nataka kukiona kikiwa kimevaa." Mama Wairimu alikuwa akiokota maharagwe mabovu kwenye ungo. "Kilimia ni cha kulima," akasema bila kuinua kichwa. "Ati picha! Mtu anaacha kitanda chake chenye blanketi mbili, anaenda kulala na fisi."

Jambo ambalo hawakuniambia siku hiyo, nikalisikia dirishani, ni kwamba Mwalimu alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo unaiba kutoka kando. Mtu anaona mbele kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Dawa za matone alizitia asubuhi na jioni, lakini daktari alikuwa amemwambia mkewe ukweli, kwamba walichelewa. Sasa nilielewa kwa nini aligonga bega mlangoni, na kwa nini kikombe chake kiliwekwa daima mahali pamoja mezani, mbele kabisa. Kilimia kingezama pamoja na jua mvua za masika zikianza, na kiangazi kingine kingefika Mwalimu akiwa hana macho ya kulenga kamera. Picha zile zilikuwa za mwisho. Na hakuwa amewahi kuziona zikiunganishwa, kwa sababu radi ilikuwa imepiga waya wa stima na kuichoma kompyuta yake ya zamani, programu yake na yote yaliyokuwa ndani.

Kompyuta mpya ilitoka kwa binti yao Wairimu, ng'ambo, kupitia mkono wa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Ilikuja mwezi wa tatu. Siku hiyo sebule ilifagiliwa mara mbili na Mama Wairimu akaondoa kitambaa chake cha kufuma juu ya meza ya pembeni, jambo ambalo, nilikuja kujua, hakuwahi kulifanya hata askofu alipowatembelea. Niliunganisha nyaya mbele ya watu wawili walionyamaza kama walio kanisani. Mashine iliwaka, ikauliza mwenyewe ni nani. Mwalimu alisogeza uso karibu na kibodi, akachapa kwa kidole kimoja jina lake lote, herufi baada ya herufi, kama anayeandika ubaoni: Mwalimu Ng'ang'a. Kisha tukahamisha picha za Kilimia kutoka kwenye kadi za kamera, naye akazifuta kadi ili azitumie kwa picha za wajukuu. Ilibaki kuweka programu tu. Nilimwambia tutamaliza kabla ya chai.

Hatukumaliza kabla ya chai, wala kabla ya Pasaka. Programu ilikuwa ya bure, imetungwa na watu wapenda nyota wa nchi za mbali, na nilikuwa nimeishusha kwenye saiba ya mjini nikiketi mchana mzima huku intaneti ikitambaa. Nilipoibofya ilisema kuna kitu kinakosekana, faili la kusaidia ambalo kompyuta za zamani zilikuwa nalo na hii mpya haikuwa nalo. Nikarudi saiba. Faili lile lilikuwa kubwa kuliko programu yenyewe, na kila nilipolishusha lilikatika katikati stima ilipopotea. Wakati huo mvua zilikuwa zimeanza, na Kitale ikianza mvua, stima nayo hupotea mara mbili tatu kwa siku. Jioni Mwalimu alinisubiri kwenye veranda, akageuza kichwa chote kunitafuta niliposhika geti. "Niaje, fundi," alisema, salamu aliyoiokota kwa vijana wa mjini na kuitamka kama mtu anayeonja chakula kigeni. Hakuuliza kama nimepata. Nami nilianza kuchukia lile geti, kwa sababu nililazimika kupita hapo kila siku nikiwa mikono mitupu.

Mwishowe niliibeba mashine yenyewe hadi Bungoma, nimeifunga kwa blanketi langu, nikaipeleka kwa Wekesa. Wekesa tulisoma naye kozi ya kompyuta. Alikuwa na kibanda karibu na soko, kimejaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo, na alikuwa mkarimu, mwepesi, asiyeogopa kitu. Aliichomeka, akatazama kidogo, akaagiza chai na mandazi. "Dada Nasimiyu, hapa dawa ni moja. Tunapiga folmati. Tunafuta yote, tunaanza upya, plogramu yako itaingia yenyewe kama maji." Nikadhani anafikiria tu. Kumbe mikono ya Wekesa hufikiria haraka kuliko mdomo wake. Nilipoinua macho kutoka kwenye kikombe, skrini ilikuwa inauliza kama kweli anataka kufuta, na kidole chake kilikuwa njiani. Niling'oa waya ukutani. Chai ikamwagika kwenye suruali yake.

"Wee! Si unanichoma bana!"

"Picha zake ziko humo. Haziko mahali pengine."

"Picha za nini?"

"Za nyota."

Wekesa alijipangusa, akacheka. "Si atapiga zingine? Kwani nyota zinaenda wapi?"

"Nyota haziendi," nilisema. "Ni macho yake yanaenda."

Sikuwa nimewahi kulisema kwa sauti. Sauti yangu yenyewe ilinishtua. Wekesa aliacha kucheka. Alizunguka nyuma ya kibanda, akafukua sanduku moja baada ya jingine, akarudi na diski ya duara iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Ilikuwa na lile faili nililolihangaikia, zima. Kwanza alitunakilia picha zote kwenye diski tatu tupu, akaniambia kwa ukali kama mimi ndiye niliyetaka kuzifuta, "Mtu haweki mayai yote chini ya kuku mmoja." Ndipo akaingiza faili, na programu ikaingia kama maji, alivyosema. Nilirudi Kitale nikiwa na furaha ya kichaa, nikijipanga nitakavyolisukuma lile geti.

Programu ilifunguka. Ilikuja na picha za mfano, za watu walioitunga, na nilipozijaribu iliziunganisha bila neno. Mwalimu akapiga makofi. Kisha nikaielekeza kwenye picha za Kilimia. Ikafikiri kidogo, ikaleta maandishi mekundu: haikupata folda. Lakini folda ilikuwa pale, naiona! Nikajaribu tena. Nikazipunguza, nikajaribu moja moja, nikajaribu diski za Wekesa nikizinakili upya palepale kwenye folda ya Mwalimu. Maandishi mekundu. Jumapili baada ya Jumapili, baada ya ibada, tuliketi pale wawili, mimi nikibofya na yeye akisubiri nimsomee, na jibu lilikuwa lilelile. Siku moja alivua miwani, akaiweka mezani taratibu. "Nasimiyu, picha za wale watu zinakubali. Zangu zinakataa. Basi tatizo si kompyuta." Nikamwambia hapana. "Nilikuwa nimeanza kuona vibaya wakati ule," aliendelea. "Labda sikulenga kitu. Labda nilipiga picha za giza tupu, nikaja nikajisifu." Alisema hivyo kwa upole wa mwalimu anayemrudishia mwanafunzi karatasi yenye alama mbaya. Mama Wairimu alikuwa mlangoni na birika. Alimimina chai, akamwekea kikombe mkononi badala ya mezani.

Nimekuwa fundi wa kompyuta kwa maisha yangu yote ya kazi, nimeajiriwa na ofisi za serikali na nimefundisha vijana, na bado naamini hakuna nilichojifunza kikubwa kuliko nilichokisikia Jumamosi moja nikifua nguo. Nilikuwa nimeinama kwenye beseni nje ya chumba changu. Mama Wairimu alikuwa kwenye ua, akimlalamikia jirani yake Mama Chebet kuhusu kliniki ya macho walikokwenda jana yake. "Tumeketi pale mpaka njaa ikatuzoea. Ati faili yake haionekani! Kumbe yule msichana anaandika jina vile liko, na ile alama ya juu ya ng', na kompyuta yao haitaki hiyo alama. Ukiiweka inasema hakuna mtu kama huyo. Lazima aandikwe Nganga, kama ndege aliyenyonyolewa." Mama Chebet akacheka. "Heri sisi hatuna hizo alama." Nami nikasimama na shati lililojaa povu mkononi. Folda za kompyuta hukaa ndani ya folda ya jina la mwenyewe. Kila picha ya Kilimia ilikuwa ndani ya jina la Mwalimu Ng'ang'a. Na zile picha za mfano zilizokubali zilikuwa kwenye folda ya programu, nje ya jina lake.

Niliingia sebuleni na miguu mitupu yenye povu. Mwalimu alikuwa akisikiliza redio. Nilipomweleza, alikunja uso kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. "Ni jina langu?"

"Ni ile alama tu, Mwalimu. Programu inaifikiria kuwa mwisho wa neno, inakata hapo. Inatafuta folda ya mtu anayeitwa Mwalimu Ng, haimpati."

"Sasa unataka unifanyeje?"

"Nikufungulie akaunti nyingine. Nikuandike bila alama."

"Hapana." Alizima redio. "Nimeandikwa vibaya kwenye kitambulisho, nikaenda mara nne kukirekebisha. Nimeandikwa vibaya kliniki. Hilo ni jina la baba ya baba yangu. Mashine ya mtoto wangu, ndani ya nyumba yangu, haitalikata."

Nilijua ningeweza kuzihamishia picha folda nyingine kimyakimya, naye asingejua. Lakini programu hiyohiyo ilitaka kuhifadhi kazi yake ndani ya jina la mwenye kompyuta, na zaidi ya hayo, sikutaka kumdanganya mtu asiyeona vizuri. Tukabaki tumetazamana, yeye akinitafuta kwa lile bomba lake dogo. Mama Wairimu alikuwa ameingia nyuma yangu, akifuta mikono kwa aproni. "Kwani hapa nyumbani nani anakuita Ng'ang'a?" aliuliza. "Mimi nakuita nani, miaka hii yote? Andika Baba Wairimu. Iko na alama hapo?" Haikuwa na alama. Mwalimu alifikiri, na kona moja ya mdomo wake ikalegea. "Andika," aliniambia. "Lakini lile lingine usilifute." Nikaandika, maneno yote mawili pamoja bila nafasi katikati, kwa sababu sikuiamini tena programu ile hata kidogo.

Nikazinakili picha humo, nazo zikaanza kuungana adhuhuri. Mstari mdogo wa kijani ulikuwa ukijaza kisanduku chake polepole kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Tulikula hapohapo, viazi na njegere, sahani magotini. Mstari ulipofika nusu, ngurumo ya kwanza ilisikika upande wa mlima. Mama Wairimu akaruka. Tangu radi ile ilipochoma kompyuta ya kwanza, alikuwa aking'oa kila waya nyumbani wingu likikohoa tu. Alifika kwenye soketi, akashika plagi. Mwalimu alisikia nyayo zake. "Nyokabi," alisema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Mama Wairimu alisimama na mkono kwenye plagi, akaitazama ile mistari ya mvua ikikaribia juu ya mabati ya majirani, akautazama mstari wa kijani. "Ikichomeka usinilaumu," akasema, lakini hakuing'oa. Alikaa sakafuni kando ya soketi, mgongo ukutani, akiomba kwa midomo tu. Mvua ikaanza. Taa zikapepesa mara moja, kompyuta ikatweta, ikaendelea.

Mstari ulipojaa, skrini ilikuwa karibu nyeusi. Kisha nikakumbuka kuvuta mwanga kama maelezo yalivyofundisha, kidogo kidogo, na Kilimia kikatokea. Nyota zenyewe kwanza, kubwa, nyeupe kama chumvi ya mawe. Halafu kuzizunguka, kikiteremka na kujikunja, kitu cha rangi ya bluu niliyoiona tu kwenye moshi wa kuni mbichi asubuhi. "Mwalimu," nilisema, "kimevaa. Ni kama moshi. Moshi wa bluu." Alivuta kiti hadi pua yake ikakaribia kioo. Hakuweza kuona picha yote kwa pamoja, hilo lilikuwa limeshapita. Aliniomba niikuze, niisogeze polepole, na yeye akaitazama kipande kwa kipande kupitia lile tundu alilobakiwa nalo, nyota moja, moshi wake, nyota nyingine, moshi wake, akiziita kwa namba alizokuwa amezipa mwenyewe. Machozi yalimtiririka, nami sikujua kama ni ya dawa au ya kulia. Mwishowe Mama Wairimu aliinuka sakafuni, akaja nyuma yetu. Alitazama kwa muda mrefu. "Hii ndiyo ulikuwa unaniachia kitanda?" aliuliza. "Ndiyo hii," alisema Mwalimu. Akavuta kiti cha pili, akaketi.

Mwaka ule ulipoelekea kwisha, bomba la Mwalimu lilizibika. Haikuwa siku moja. Alianza kuniuliza kama taa imewashwa, halafu akaacha kuuliza. Mimi nilipata kazi Bungoma, na mwezi wa kumi na mbili nikafunga vitu vyangu. Asubuhi ya kuondoka nilizunguka kwenda kuwaaga nikakuta mlango wa sebule wazi. Kompyuta ilikuwa imewashwa. Mama Wairimu, ambaye hakuwa amewahi kuigusa, alikuwa mbele yake, kidole chenye unga juu ya kioo, akikisogeza polepole kutoka nyota hadi nyota na kuzungumza. Mwalimu alikuwa kando yake, uso ameuelekeza dirishani, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Walikuwa wakizungumza Kikuyu, ambacho sikukijua. Nilishika neno moja tu, alilolirudia kila kidole kilipotua: ndogo, ndogo. Nikadhani anamwambia kwamba nyota ni ndogo, nikaona huruma, nikabaki pale mlangoni na begi begani bila kubisha. Ilipita miaka kabla sijamuuliza mtu, ndipo nikaambiwa kwamba kwa lugha yao ndogo ni moshi.